Historia Yetu kwa Namba za Spana

Sisi tuliosoma historia hadi kidato cha nne tulizoeshwa kuitafuta kwenye mikataba, vita na majina ya magavana. Sikatai, hiyo ni historia na nimeikariri kama wengine. Lakini mwaka huu nimejikuta nasoma historia ya huku kwetu Nyanda za Juu Kusini ndani ya kitu ambacho hakuna mwalimu aliyewahi kukileta darasani, nacho ni sanduku la spana. Usicheke, msomaji. Spana ina namba, namba ina mwenyewe, na mwenyewe huyo aliwahi kufika hapa na mashine yake.

Jambo lenyewe lilianza na pesa, kama mambo mengi. Nyumbani kwetu Tandala, wilaya ya Makete, tuna mashine ya kusaga aliyoiacha marehemu baba. Injini yake ni Lister ya zamani, ile inayopiga tu-tu-tu taratibu mpaka ng'ambo ya bonde wanajua leo mashine imewaka. Baba aliiacha pamoja na sanduku la mbao lenye spana za kila aina, nzito, nyeusi kwa grisi. Mama akauza viazi, akanikabidhi fungu la pesa akasema, "Mwanangu, nenda Makambako utununulie spana fupi za kukaa hapa nyumbani. Zile ndefu za baba yako haziingii kule nyuma ya gurudumu." Baba mdogo naye akaongeza lake. Sanduku la zamani liuzwe skrepa, kwa kilo, kwa sababu spana zake hazishiki nati yoyote ya siku hizi. Yule mnunuzi wa skrepa hupita na mizani yake kila mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo kulikuwa na maswali mawili kwa mkupuo: kununua nini, na kuuza nini. Chuma kikishapimwa na kutupwa kwenye lori hakirudi. Mama alinipa mpaka siku ya mnunuzi kuja.

Nianze na huo ufupi, maana watu hudhani spana fupi ni spana ya maskini, au mchezo wa watoto. Si hivyo. Nguvu inayozungusha nati ni mkono wako mara urefu wa spana. Boliti yenye unene wa milimita 6, ambayo kichwa chake mafundi wanakiita namba 10, hutosheka na mkazo wa nyutoni-mita 10 hivi. Kwa spana ya sentimita 10 hiyo ni sawa na kuning'iniza kilo 10 kwenye ncha. Kwa spana ya sentimita 25, kilo 4 zinatosha, na kijana mwenye afya akisukuma kwa hasira anasukuma mara kumi ya hapo. Matokeo yake unayajua: boliti inakatika, kipande kinabaki ndani, na mashine inalala wiki nzima. Ndiyo sababu spana ndogo hutengenezwa fupi na kubwa ndefu. Urefu wenyewe ni mpaka uliowekwa na aliyeibuni, kumzuia mwenye nguvu asiharibu. Spana fupi kuliko kawaida zinaenda mbali zaidi. Zinaingia penye ukuta, penye gurudumu, penye bomba la mafuta, halafu hazikupi nafasi ya kufanya ubabe. Ila nati iliyoshika kutu hazina ubavu nayo. Hapo utaita ndefu.

Sasa turudi nyuma kabisa, kabla ya spana.

Chuma huku si mgeni. Wakinga na majirani zao Wapangwa walikuwa wafua chuma kabla Mzungu hajapanda Milima ya Livingstone. Majembe ya Wakinga yalishushwa hadi kwa Wanyakyusa, yakabadilishwa na chakula. Na leo watu wanapoitaja Liganga, kule Ludewa, wanataja chuma kilicho ardhini katika mkoa wetu huuhuu wa Njombe, uliozaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Iringa. Lakini angalia jambo moja. Jembe la mhunzi wa zamani halikuwa na nati. Mkia wake ulichomekwa kwenye mpini, na kila lilipopigwa ardhini ndivyo lilivyozidi kujikaza. Likilegea unaligonga. Chombo ambacho kazi yake yenyewe inakikaza kinahitaji spana ya nini?

Uzi wa skrubu uliingia Kiswahili kwa mlango wa pwani. Neno parafujo, ambalo wengi wetu tunalikuta kwenye kamusi tu, ni la Kireno. Miaka mingi baadaye yakaja maneno mengine kwa fujo: spana, nati, boliti, jeki, gereji. Yote hayo ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Wajerumani walikuwa hapa mbele ya Waingereza. Wamisionari wa Berlin waliingia kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1891, wakapanda mpaka Ukinga, na Tandala ikawa mojawapo ya vituo vyao. Lakini walichotuachia kwenye lugha ni neno shule. Kwenye spana hawakuacha alama, kwa sababu mashine zilizoenea zikahitaji kufunguliwa na kufungwa na kila mtu zilikuja baada yao, chini ya bendera nyingine.

Bendera hiyo ilikuwa na inchi.

Hapa lazima nikupeleke Uingereza kidogo. Zamani kila karakana ilikata uzi wake. Nati ya karakana hii haikuingia kwenye boliti ya karakana ile, hata kama zilikuwa mtaa mmoja. Fundi mmoja, Joseph Whitworth, aliyepata kufanya kazi kwa bingwa Henry Maudslay jijini London, alikusanya boliti kutoka karakana nyingi, akazipima, akachukua wastani. Mwaka 1841 akapendekeza kipimo kimoja kwa wote, uzi wenye pembe ya nyuzi 55 na idadi maalumu ya mizunguko kwa kila inchi. Reli zikakikubali, meli zikakikubali, na reli na meli zilipokwenda makoloni kipimo kikaenda nazo. Mimi jambo hili linanisisimua kuliko vita nyingi nilizosoma. Mtu hakuamuru, alipima walichokuwa nacho wenzake, akapata katikati yake.

Lakini Whitworth ana kisirani kimoja ambacho ndicho kilichomchanganya baba mdogo. Spana yake iliyoandikwa 3/8 haina mdomo wa inchi 3/8. Namba hiyo ni unene wa boliti, si upana wa kichwa chake. Mdomo wenyewe ni inchi 0.710, yaani milimita 18 na ushee. Baadaye, mwaka 1908, wakaongeza uzi mwembamba zaidi, ambao vichwa vyake vilikuwa vidogo kwa hatua moja. Ndiyo maana spana za baba zina maandishi mawili upande mmoja: 3/8 W na 7/16 BS. Mtu asiyejua anasoma, anapima kwa rula, anaona uongo mtupu. Anasema hizi mbovu, peleka skrepa.

Mashine zilizokuja na spana hizo bado tunazo au tunazikumbuka. Njombe, mwaka 1949, ilianzishwa Tanganyika Wattle Company, ambayo kila mtu anaiita Tanwat, kwa fedha za shirika la maendeleo ya makoloni la Waingereza, kupanda miwati na kutoa dawa ya kulainishia ngozi kwenye magome yake. Yakaja malori ya Bedford, yakaja Land Rover. Na ikaja Lister.

Hii Lister niruhusu niizungumze kwa kirefu, maana ndiyo inayotulisha. Kampuni ya R. A. Lister iliundwa mwaka 1867 katika mji mdogo uitwao Dursley, mkoa wa Gloucestershire. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ikauza injini ya dizeli yenye gurudumu zito, isiyo na haraka. Ile ya nguvu za farasi 6 huzunguka mara 650 tu kwa dakika, wakati injini ya pikipiki inakwenda maelfu. Kwa kuwa haina haraka haichakai upesi, na kwa kuwa ni rahisi, fundi wa kijijini anaweza kuifungua yote juu ya turubai na kuirudisha kabla jua halijazama. Ilisaga mahindi, ikavuta maji, ikawasha taa, Afrika na Asia. Dursley waliacha kuitengeneza miaka ya 1980, lakini mafundi wa Rajkot, huko Gujarat nchini India, walikuwa wameshajifunza kuiiga, wakaendelea.

Na kuna hadithi ndani ya hadithi. Katika mji huohuo wa Dursley aliishi Edwin Budding, aliyebuni mashine ya kukatia nyasi mwaka 1830. Budding alishirikiana kikazi na George Lister, baba yake huyo mwenye kampuni, na akafia hapohapo mwaka 1846. Huyu Budding ndiye anayetajwa pia kwa kubuni mojawapo ya spana za mwanzo zinazopanuka na kufumba kwa skrubu. Umbo tunalolijua leo lilikuja na Msweden, Johan Petter Johansson, aliyepata hati yake ya ubunifu mwaka 1892. Kwa Kiswahili cha gereji spana hiyo inaitwa spana malaya, kwa sababu haina nati yake. Jina si langu, na wazee wa sanaa wasinikasirikie, lakini naomba wenzangu mnaoandika riwaya mlijue. Mara ngapi tunasoma kwamba mhusika "alichukua kifaa chake akatengeneza gari"? Kifaa gani? Msomaji aliyekaa kijiweni nje ya gereji siku moja tu atakutupa kando.

Basi inchi zikatawala. Vita Kuu ya Pili ikaonesha ubaya wake, maana hata inchi zilikuwa mbili. Marekani walikuwa na uzi wao wa nyuzi 60 tangu enzi za William Sellers mwaka 1864, na vipuri vya Mmarekani havikuingia kwenye mashine za Mwingereza ingawa walikuwa wanapigana upande mmoja. Mwaka 1948 Marekani, Uingereza na Kanada zikakubaliana uzi wa pamoja. Kuanzia hapo Land Rover na Bedford zikaanza kuhamia kwenye spana za inchi ambazo namba yake ni upana wa mdomo kweli: 7/16, 1/2, 9/16. Sanduku la baba likaongezewa kabila la pili la inchi. Naliona tabaka hilo kwa macho, spana zake ni nyepesi na zinang'aa zaidi.

Milimita ziliingia huku kwa siasa.

Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa walowezi kule Rhodesia. Zambia, ambayo mafuta na shaba yake vilipita kusini, ikabanwa kooni. Njia iliyobaki ilikuwa ya kwetu. Malori yalianza kukimbia kati ya Dar es Salaam na Zambia yakibeba mapipa ya mafuta, juu ya barabara ya vumbi na tope ambayo madereva waliita njia ya jehanamu. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya pamoja ya Zambia na Tanzania ya uchukuzi wa barabara, na malori yake makubwa yalikuwa Fiat ya Italia. Waitalia haohao wakalaza bomba la mafuta la TAZAMA, lililokamilika mwaka 1968. Mwitalia hana inchi. Kwa hiyo fundi wa kando ya barabara aliyekuwa na sanduku kama la baba alisimama mbele ya Fiat iliyokufa, mwenye mali analia, utingo anawasha moto wa kuni, na hakuna spana inayoshika. Zikatafutwa 17 na 19 kwa udi na uvumba.

Halafu ikaja reli. Mkataba wa China, Tanzania na Zambia ulitiwa saini Beijing mwaka 1967, ujenzi ukaanza 1970, na TAZARA yenye urefu wa kilomita 1,860 ikakabidhiwa Julai 1976. Sehemu iliyowatoa jasho wajenzi kuliko zote ni ile ya kupanda kutoka bonde la Kilombero, Mlimba, hadi Makambako, mahandaki na madaraja juu ya madaraja. Wachina nao ni watu wa milimita. Makambako ikapata stesheni, ikawa penye njia panda ya reli na lami ya kwenda Zambia, na miaka ya 1980 lami ya kwenda Njombe na Songea ikaanzia hapohapo. Kama unataka kujua kwa nini Makambako ina maduka ya vipuri mengi kuliko miji mingine ya ukubwa wake, jibu ni hilo. Mji uliota mahali ambapo vyombo vya moto vinaharibikia.

Lakini kuwa na reli si kuwa na spana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi haikuwa na fedha za kigeni. Vita vya Kagera vimetoka kuisha, mafuta yamepanda bei, dukani hakuna sabuni, sembuse spana. Kiwanda cha Ubungo kilikuwa kinatoa majembe, na SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa 1973, lilikuwa likiwahimiza mafundi wajitengenezee. Wakajitengenezea kweli. Masharti ya kuagiza bidhaa yalianza kulegezwa 1984, na baada ya mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986 maduka yakajaa tena. Hiyo miaka ya katikati ndiyo niliyoikuta chini kabisa ya sanduku la baba, imeviringishwa kwenye kipande cha turubai: spana mbili fupi, nene, mbaya kwa sura. Katikati ya kila moja kuna kovu la kuchomelea.

Nilizibeba hadi Makambako kwenye begi pamoja na zile ndefu. Gereji moja iliyo nyuma ya stendi ina mzee ambaye alianza kazi kama utingo wa malori ya Zambia. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia huku macho yako kwenye mkono wangu. "Marahaba. Hizo umezitoa wapi, kijana?" Nikamweleza. Akaishika ile moja, akapitisha kidole juu ya kovu.

"Hii ilikuwa ndefu," akasema. "Imekatwa kwa msumeno, ikatolewa kipande hiki cha katikati, ikaungwa. Tulikuwa tunafanya hivyo tukikosa fupi. Yako ni ya Lister."

"Umejuaje, mzee?"

"Nani mwingine huku anahitaji Whitworth fupi? Pale nyuma ya gurudumu, kwenye bomba la kusukuma mafuta. Baba yako alikuwa na akili."

Mama hakuwahi kuziona kwa sababu baba alizificha zisikopwe. Hiyo ni dhana yangu, lakini nawajua majirani zetu.

Mzee akachukua vernia, chombo ambacho mimi mara ya mwisho nilikigusa kwenye fizikia ya kidato cha tatu. Tukapima midomo. Ile ya kwanza ilikuwa 1/4 W, milimita 13.3. Ya pili 3/8 W, milimita 18. Iliyokosekana ni ile ya kati, 5/16 W, milimita 15.2, na ndiyo ambayo boliti zake ni nyingi kwenye Lister yetu. Ndefu yake ipo. Fupi yake ama ilipotea ama haikuwahi kukatwa.

Sasa twende dukani. Muuza duka aliniwekea mezani seti ya spana fupi saba, upande mmoja mdomo na upande wa pili ringi, zimetoka China, zinang'aa kama sahani za harusi: 8, 10, 11, 12, 13, 14, 17. Bei yake ilikuwa inakula pesa ya mama karibu yote. Akasema, "Chukua seti kaka, mojamoja utajuta." Mimi nikaanza kumuuliza za nini. Hapo, msomaji, historia ikaanza kulipa.

Pikipiki ya nyumbani ni ya Kihindi, kama za bodaboda wengi. Bila 8, 10, 12, 14 na 17 huendi popote. Magari yanayopita kwetu ni Toyota zilizotumika Japani kabla ya kuja huku, na Mjapani ana desturi yake. Boliti ya milimita 8 anaipa kichwa cha 12, na ya milimita 10 anaipa kichwa cha 14. Mjerumani boliti hizohizo alizipa 13 na 17. Ndiyo maana kwenye Toyota namba 13 utaitafuta mpaka uchoke, na kwenye lori la Kizungu namba 12 inakaa tu mfukoni. Mtu anayekuuzia spana bila kuuliza una mashine ya nani anakuuzia mapambo. Namba 11 kwetu haina kazi. Namba 13 nayo sina Mjerumani nyumbani, na ile 1/4 W fupi ya baba ipo. Kwa hiyo seti ya saba ilikuwa na mbili za kulala.

Nikachagua mojamoja kutoka kwenye ndoo iliyokuwa chini ya meza, za mitumba kutoka Ulaya, bei nafuu, zimeandikwa chrome vanadium ubavuni. Haya maandishi yatazame lakini usiyaabudu. Kuyachapa juu ya chuma laini ni rahisi. Mzee alikuwa amenifundisha kupitisha tupa kwenye kona ya mdomo: ikikwaruza kama inakata sabuni, weka chini, ikiteleza, nunua. Angalia pia midomo ya pande mbili iko sambamba, na ukiweza nenda na nati uijaribu ndani yake. Isipige kelele ndani ya spana. Ringi ni bora kuliko mdomo, kwa sababu inashika kona zote sita wakati mdomo unashika mbili, na nati zilizoliwa kona huliwa hivyo. Lakini ringi haiingii penye bomba, ndiyo maana nilitaka zenye upande huu na huu.

Nilipata 8, 10, 12, 14 na 17. Nikapata na 15, ambayo muuza duka alinipa kwa bei ya kunicheka. "Hiyo haina gari, kaka." Ni kweli, Toyota haina haja nayo, na bodaboda haimjui. Nikamlipa haraka.

Kwenye gereji mzee akaibana kwenye jiliwa, akanipa tupa. Mdomo wa 15 ulikuwa unahitaji kupanuka kama robo ya milimita tu, nusu yake upande huu na nusu upande ule, ili nao uwe 5/16 ya Joseph Whitworth. Chuma kilikuwa kigumu. Tupa ilikuwa inateleza, nikaona hilo lenyewe ni cheti. Ilichukua saa nzima na zaidi. Mzee alikuwa anapima kila baada ya muda, anasema "bado", mpaka aliposema "acha, usiongeze hata pumzi". Nikaandika namba mpya ubavuni kwa kuipiga tindo, kwa sababu maandishi ya 15 sasa ni uongo na mtu mwingine asije akachanganyikiwa.

Jioni ya kurudi, mashine ikiwa imezimwa, nilijipenyeza kati ya ukuta na gurudumu. Nati za bomba la mafuta zilikuwa mbili zilizolegea, na ndizo zilizokuwa zikiloanisha sakafu kwa dizeli tangu msimu wa mvua. Zilikaa ndani ya mdomo kimya. Robo mzunguko, robo mzunguko, mkono hauna pa kwenda zaidi ya hapo. Mama aliwekea kopo chini. Asubuhi lilikuwa kavu.

Baba mdogo alilichukulia vizuri kuliko nilivyotegemea. Tuligawana sanduku juu ya turubai: Whitworth zote zikabaki, ndefu na fupi, kwa sababu nati za Lister bado ni za kwao. Zile za inchi za Land Rover na Bedford tulibishana. Hatuna Land Rover, alisema, na ni kweli. Mimi nikatoa 3/4, ambayo inashika 19 bila taabu, na 5/16 inayoshika 8. Zingine, 7/16, 1/2 na 9/16, zilikwenda kwenye mizani. Zilikuwa spana sita. Kabla hazijakwenda nilinakili maandishi yake yote kwenye daftari, pamoja na jina la mji wa Uingereza uliochapwa juu ya kila moja, na mnunuzi wa skrepa akanisubiri huku ameshika kiuno.